Januari hadi Machi natoka kila siku, masika yakianza napotea. Mnaofanya mazoezi nje mwaka mzima mnawezaje?

Mama Wawili, Segerea

Habari zenu wadau.

Nina miaka 34, watoto wawili, na kazi yangu ni kushika vitabu vya hesabu kwenye duka la vipuri Kariakoo, kwa hiyo kutwa nimekaa. Kila Januari naanza mazoezi. Gym siendi, sina hela ya kulipa kila mwezi na foleni ya kutoka mjini mnaijua. Natoka nyumbani saa 11:30 alfajiri, natembea haraka na kukimbia vipande vipande kutoka Segerea Mwisho kuelekea Kinyerezi, nageuza, saa 12:15 niko bafuni. Ikifika mwishoni mwa Februari sketi za kazini zinaanza kuzunguka kiunoni zenyewe.

Halafu masika yanaingia. Mtaa wetu ni wa udongo, ukilowa unateleza kama umepakwa mlenda. Siku ya kwanza sitoki, ya pili sitoki, ya tatu najiambia kesho, na hiyo kesho inakuja kufika Januari nyingine. Huu ni mwaka wa nne. Mume wangu anaziita raba zangu "za msimu, kama maembe".

Jana usiku imeanza kunyesha. Mnaofanya nje mwaka mzima, mnafanyaje? Naomba mambo ya vitendo, "jipe moyo" nimeshajipa sana.

Kijana wa Vyuma

Dada nunua kamba, ruka sebuleni. Mvua haiingii sebuleni. Kwisha habari.

Mama Wawili, Segerea

Sebuleni kuna watoto, mama mkwe, na kochi lililonunuliwa bila kupima chumba. Nikizungusha kamba pale nitaua mtu.

Chaki Nyeupe, Sinza

Binti, mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nina miaka 66. Mwaka 2017 walinipima presha kliniki, wakanipima tena wakidhani mashine imekosea. Daktari, kijana wa umri wa wanafunzi wangu, akaniandikia dawa na chini yake akaandika "kutembea kila siku", neno "kila" akalipigia mstari. Mwalimu akiona mstari chini ya neno haulizi maana yake.

Natoka Sinza, navuka barabara ya Sam Nujoma pale Mlimani City, napanda mlima wa Chuo Kikuu hadi jengo la Nkrumah, lile lililokuwa kwenye noti ya shilingi 500, kisha nashuka. Kwa miguu yangu ni saa moja na dakika kumi. Kule juu kuna tumbili ambao hunikagua mikono kila nikipita, kwa sababu siku moja mwaka 2018 nilibeba ndizi. Hawajasahau.

Sasa hayo masika yako. Nina kaunta buku. Kila siku naandika mstari mmoja: tarehe, saa niliyotoka, hali ya hewa, na kama sikutoka naandika kwa nini. Ni mazoea ya kuita mahudhurio, hayatoki mwilini. Desemba 2022 nilikaa nikahesabu siku zangu za utoro. Zilikuwa 47. Nilikuwa tayari kuapa kwamba Aprili na Mei ndizo zimenimaliza. Siku ambazo mvua ilinizuia kweli zilikuwa 8. Misiba na safari za nyumbani Korogwe, 13. Kuumwa, 5. Zilizobaki ni 21, na karibu zote zilikuwa kati ya mwisho wa Juni na Agosti. Sababu niliyoandika ilikuwa neno moja: usingizi.

Yaani kipupwe! Miezi ile tunayoisifia, hakuna fukuto, hakuna tope, ndiyo niliyotoroka. Nilishangaa mpaka nilipotazama safu ya saa. Novemba jua la Dar linachomoza saa 12 kasoro dakika tano hivi. Julai linachomoza saa 12 na dakika 35. Mimi kengele yangu ilikuwa ileile mwaka mzima, saa 11 na nusu. Novemba nilikuwa naamka mbingu inaanza kuwa nyeupe, Julai naamka kwenye giza la kaniki, na kaubaridi kale kanakomfanya mtu avute shuka hadi masikioni. Watu wa Dar tukishaambiwa hatuna majira, tunaamini. Yapo, yamejificha kwenye dakika 40 hizo.

Nakueleza haya kwa sababu hesabu yako umeifanya kwa kukumbuka, hukuiandika. Mvua inakumbukwa kwa sababu ina kelele kwenye bati. Lakini masika huisha Mei. Wewe unarudi Januari. Juni ilikuwa na mvua gani? Na Julai? Na Septemba je?

Nisikuonee, uliomba vitendo.

Raba ziwe jozi mbili. Zangu zote mbili ni mtumba wa Karume, na jozi ya pili nilinunua mahsusi kwa Aprili, imechakaa kidogo lakini soli yake ina meno. Zikilowa, toa ile soli ya ndani, jaza gazeti, baada ya saa mbili badilisha gazeti, ziache kivulini penye upepo. Usizisogeze kwenye jiko la mkaa. Nilifanya hivyo mara moja, gundi ikaachia, soli ikawa inapiga makofi njia nzima hadi kwa fundi viatu, na watoto wa shule wakanishangilia. Miguu nayo ikaushe katikati ya vidole, huko ndiko fangasi wanakopanga chumba.

Tope la mtaani kwako usipigane nalo. Toka na yeboyebo, raba kwenye mfuko mgumu. Ukifika lami badilisha, yeboyebo zako ziache kwa mtu. Mimi namwachia mama wa supu pale kona, nikirudi nanawa miguu kwa ndoo yake na kununua kikombe kimoja. Ukweli ni kwamba siku nyingine natoka kwa ajili ya ile supu kuliko mazoezi, daktari asisikie.

Manyunyu hayanizuii. Radi inanizuia, wala sijadiliani nayo. Maji yanayotembea juu ya barabara sivuki hata yakiwa ya kifundo cha mguu, kwa sababu mtaro usio na mfuniko hauonekani chini ya maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Na kubwa kuliko yote kwa masika: acha kushikilia alfajiri. Miezi mingine nina saa, masika nina siku tu. Ikinyesha asubuhi natoka saa 10 jioni, ikinyesha jioni nimeshatoka mchana, ikikatika katikati natoka na kitambaa cha kufutia miwani. Mvua ya hapa mara nyingi inanyesha kwa vipande, hushusha kwa hasira halafu inapumzika. Wewe una ajira, najua. Basi chukua hicho kipande cha jioni, shuka daladala vituo viwili au vitatu kabla ya chako umalizie kwa miguu. Andika kwenye daftari kama siku kamili. Mimi ningekupa alama zote.

Mama Wawili, Segerea

Shikamoo mwalimu. Hilo swali la Juni limenichoma. Nimekaa kwenye daladala natafuta jibu mpaka nimepitiliza kituo, sina. Nilikuwa nailaumu mvua ambayo imeshaondoka siku nyingi.

Nina mawili madogo. Giza la Julai kwa mwanamke si la usingizi tu, ni la usalama. Na nywele jamani. Nimesukia juzi kwa elfu 35, mvua moja tu imekwisha hiyo.

Chaki Nyeupe, Sinza

Marahaba. Hayo mawili siyawezi, nina upara. Waje wanawake wenzako.

Mke wa Fundi, Mbagala

Nimekuja mwalimu.

Shoga, kwanza nywele. Mimi Machi hadi Mei nasuka twende kilioni za mkono, bila rasta, elfu tano kwa jirani, zikilowa nakamua na maisha yanaendelea. Mitindo mizuri naihifadhi kwa Juni, harusi nazo zinaanza. Kama umeshasuka hizo za 35, vaa kofia ya nailoni ya kuogea, juu yake kofia ya kawaida. Utaonekana kituko, lakini saa 11 alfajiri nani anakutazama?

Usalama: sitoki peke yangu kabla hakujapambazuka. Tulianza wawili, sasa tuko wanne. Mmoja ni muuza vitumbua ambaye angeamka tu hata tusingekuwepo, kwa hiyo yeye ndiye kengele yetu, anagonga dirisha kwa ufunguo. Wanne ni idadi nzuri kwa sababu mmoja akiwa na mtoto mgonjwa mnabaki watatu na hakuna wa kumsubiri mwenzie. Simu naacha nyumbani, masikioni siweki kitu, na tunapita njia ya daladala ambako makondakta wameshaanza kupiga kelele. Vizibao vya kung'aa kama vya bodaboda tulinunua vinne. Njia za mkato tunapita kukishakucha. Mara mbili vijana wametusogelea, kelele tulizopiga hata wao waliona aibu.

Baridi ya Njombe

Mwalimu anasema kaubaridi, mimi nacheka. Njoo Njombe Julai uone sakitu, ule umande ulioganda, imelala kwenye majani kama chumvi, bustani ya viazi imeungua utadhani imepitiwa na moto. Hapa natoka saa 1 asubuhi, jua likiwa limeonekana. Kabla ya hapo kuna ukungu, na dereva wa lori la mbao hakuoni mpaka uko kwenye bampa. Natembea upande unaoyakabili magari, kofia ya sufu ile ya kufunika masikio, sweta la pili nalifunga kiunoni nikishapata moto. Dakika kumi za mwanzo ni mateso matupu, sidanganyi. Ya kumi na moja unaanza kujidai.

Sisi mvua yetu ni moja, Novemba hadi Aprili hivi, haina mapumziko ya vuli na masika kama yenu. Ukisema unaisubiri ipite, umejipa likizo ya nusu mwaka.

Mbeba Theluji, Minnesota

Nipo Marekani mwaka wa tisa, nilikulia Tanga. Januari hapa nyuzi 20 chini ya sifuri ni kitu cha kawaida, na jua linachomoza karibu saa 2 kwa saa zetu za Kiswahili. Nimejifunza mambo machache kwa kuanguka. Fulana ya pamba usiiguse, ikishika jasho inageuka karatasi ya barafu mgongoni. Kuna mipira yenye vyuma vidogo unavalisha juu ya kiatu, bila hiyo mimi na matako yangu tumeshafahamiana vizuri na barafu ya mtaani. Na ukitoka nyumbani unapaswa kusikia baridi kidogo, ukitoka umeshapata joto umevaa kupita kiasi.

Ila cha ajabu, kama kwa mwalimu, mimi nilipoteza mazoea wakati wa joto. Juni jua linazama saa 3 usiku, nikawa nasema "bado mapema, nitatoka baadaye". Baadaye ikawa haina mwisho. Sasa natoka mara tu nikivua viatu vya kazini, sikai kwanza. Nikikaa, basi.

Kijana wa Vyuma

Mwalimu, na huu mwezi wa Ramadhani kwenye daftari lako unauandikaje?

Chaki Nyeupe, Sinza

Swali zuri, kijana, umeacha kamba sasa unauliza. Mwezi huo alfajiri siendi mlimani, nikitokwa jasho saa 12 asubuhi nitafika magharibi nimekauka kama dagaa. Natembea dakika 30 jioni, nikikadiria nifike mlangoni muadhini anakohoa kwenye spika. Mlima siupandi, nazunguka mtaa. Kalenda ya Kiislamu inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo mwaka huu nimefunga kwenye jua, na nikijaaliwa uhai, baada ya miaka 20 na kitu nitafunga Julai kwenye hicho kibaridi. Tunaotumia dawa za presha tuulize kliniki kabla, saa za kumeza zinabadilika na mwili haudanganyiki.

Mama Wawili, Segerea

Narudi na taarifa, maana mlinisaidia. Nimenunua daftari la kurasa 96. Leo ni Aprili 19. Nanakili ya wiki hii kama yalivyo:

13: saa 11:40 alfajiri, mawingu, Kinyerezi na kurudi.
14: imenyesha asubuhi yote. Nimeshuka daladala Kimanga jioni, nikamalizia kwa miguu. Raba za pili.
15: manyunyu. Kofia ya kuogea. Mtoto wa jirani amelia aliponiona.
16: sikutoka. Maji yalikuwa yanatembea barabarani.
17: jioni, Kimanga tena. Mama muuza mahindi amekubali kukaa na yeboyebo zangu.
18: sikutoka. Hakukuwa na mvua. Usingizi.
19: saa 11:35, kumekauka, na jirani yangu wa nyumba ya tatu amekuja na raba mpya.

Hiyo ya 18 nilitaka kuandika mvua, mwalimu. Nimefuta.

Chaki Nyeupe, Sinza

Usingizi Aprili? Umewahi sana, mimi wangu huanza Juni. Huyo wa nyumba ya tatu mpe kazi ya kugonga dirisha.