Mrejesho: weusi chini ya macho

Wapendwa, mwezi uliopita niliomba ushauri kuhusu weusi chini ya macho. Nawashukuru sana wote mlionijibu. Dada uliyesema nitumie vifuko vya chai, Mungu akubariki: naloweka viwili, navipoza kwenye friji, kisha naviweka machoni dakika 15 kila asubuhi. Uvimbe umekwisha kabisa. Tango linaburudisha tu, weusi haukuguswa. Limao lilinichoma, ngozi ikababuka siku 3. Tafadhali msilipake karibu na macho. Kilichonisaidia zaidi ni kulala saa 4 usiku badala ya saa 7. Weusi umepungua kama nusu. Uliobaki mama anao, hata bibi alikuwa nao, basi nimeuacha. Asanteni mno.