Naombeni ushauri wa haraka, sherehe ya kufunga shule ni Ijumaa hii na mambo hayajakaa sawa

Mama Mapacha
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri wenye busara, kama huna cha kusaidia pita kimya kimya. Mtoto wangu anamaliza chekechea, Januari anaingia la kwanza, shule ya private huku Kinyerezi. Wazazi tulikubaliana kufunga shule tuunganishe na mahafali ya watoto, wavae joho, wakate keki, waimbe nyimbo zao, sisi tule pilau tupige picha basi. Ni Ijumaa hii. Sasa mimi nipo kwenye kamati na hela haitoshi, mpishi anasumbua, usingizi sipati tangu Jumamosi. Swali langu: sherehe ya watu kama 130 unaweza kuisogeza mpaka shule zikifungua Januari bila kuleta maneno? Na kwenye grupu uandikeje?

Kiti cha Mbele
Nimekaa paleee nasubiri wataalamu.

Mtu wa Uyui
Mahafali ya chekechea! Mtoto kahitimu nini, kuvaa soksi? Sisi Uyui miaka ya 90 kufunga shule mnasimama paredi jua linawaka, mwalimu mkuu anasoma kumi bora wanapigiwa makofi ya kilo, halafu anasoma kumi wa mwisho nao wanapigiwa makofi ila ya aina nyingine. Mwaka mmoja nikawa wa 71 kati ya 74, nikamwambia mzee nimekua wa 17, akafurahi akachinja jogoo. Binamu yangu akaja kuisoma ile ripoti kwa sauti tukiwa mezani, paja lipo mkononi. Mpaka leo nikila kuku wa kienyeji namkumbuka yule mshenzi.

Fundi Hesabu
Dada, "hela haitoshi" ndo kusemaje? Mlichanga kiasi gani, wazazi wangapi, na hela anatunza nani?

Mama Mapacha
Mkuu hilo sio la msingi sana. Naomba tu kujua namna ya kuahirisha.

Mwalimu Mstaafu Kidogo
Huwezi kusogeza mpaka Januari. Januari ni ada, sare, madaftari, mtoto keshapanda darasa, na nusu ya wazazi watakua wamehamisha watoto. Mimi nimefundisha miaka kumi na nne, wiki ya mwisho mwalimu anajaza ripoti huku anafundisha watoto kuimba, hao watoto wameshakariri ngonjera mwezi mzima, ukiwaambia basi watalia darasa zima kwa pamoja, hujawahi kusikia hicho kilio. Jibu kwanza swali la Fundi Hesabu hapo juu.

Fundi Hesabu
Asante mwalimu. Dada tunasubiri.

Mama Mapacha
Haya. Watoto 46, kila mzazi elfu 40, jumla 1,840,000 na wote walilipa. Mweka hazina ni mimi. Joho nimeshalipia advansi 120,000. Mkononi kuna 420,000.

Fundi Hesabu
Kuna 1,300,000 haipo hapo.

Kiti cha Mbele
Nasogeza kiti.

Bi Mkubwa wa Tanga
Mwanangu sema tu, humu hakuna anayekujua.

Mama Mapacha
Sawa ila msinihukumu. Mimi nauza nguo za watoto. Mwezi wa kumi na moja mwanzoni hela ya sherehe imekaa tu kwenye simu, haizai, nikaona nichukue mzigo Kariakoo wa magauni ya Krismasi, dazani kumi, kila dazani laki na thelathini. Hesabu yangu nauza elfu 18 moja, mpaka sherehe inafika narudisha hela ya watu na mimi napata ya ada. Sikuiba, nilizungusha. Sasa nimeuza kumi na moja tu, na saba kati ya hizo ni mkopo. Watu hawanunui nguo za sikukuu mapema, wote wanasema nakuja mshahara ukitoka. Na sherehe ndo Ijumaa.

Dogo Mbagala
Kwahiyo Ijumaa watoto watakula magauni 😂😂😂

Kiti cha Mbele
Gauni rosti na kachumbari ya vifungo.

Ustadhi Mpole
Dada yangu amana ni kitu kizito sana. Hela ya watu hata ikilala mwaka mzima bila kuzaa, kazi yako wewe ni kuilinda ilale. Uliambiwa utunze, haukuambiwa uzungushe. Na hizi sherehe zenyewe ni kujitwisha mzigo, serikali imefuta ada shule zake tangu Januari 2016, nyinyi mmekimbilia private na huko mkaongeza joho.

Mama Shughuli
Ustadhi acha mahubiri mtu ana siku nne. Dada mimi napika shughuli, sikiliza. Watu 130 wakiwemo watoto 46, mchele kilo 15 unatosha maana kilo moja inalisha nane mpaka kumi. Weka elfu tatu kwa kilo, ni elfu 45. Nyama kilo 12 kwa elfu 12, laki na arobaini na nne. Mafuta, viungo, vitunguu, mkaa, tikiti na kachumbari weka laki na ishirini. Mpishi na msaidizi elfu 80. Soda kreti sita kwa elfu 14, elfu 84. Jumlisha ni 473,000. Una 420,000 na yale magauni manne uliyouza kwa keshi ni elfu 72. Chakula unacho tayari. MC na mpiga picha futa, kila mzazi ana simu.

Baba Watatu
Ngoja kwanza. Pilau ya watu 130 ni laki nne na sabini?? Sisi mwaka jana kamati ilituambia chakula peke yake milioni moja na laki mbili. Na sahani ilikuja na kipande cha nyama unakitafuta kwa tochi.

Dogo Mbagala
Mzee ulishonewa gauni hapo.

Mama Mapacha
Mama Shughuli nashukuru sana ila haiwezekani. Kadi zimeshatoka, tumeandika bafee, MC yupo, mkurugenzi wa shule ni mgeni rasmi. Wale wazazi sio wa pilau na soda, kuna wengine wanakuja na prado. Na isitoshe jana nimeshachukua hatua.

Bi Mkubwa wa Tanga
Hatua gani tena mwanangu?

Mama Mapacha
Niliandika kwenye grupu kwamba mpishi kapandisha bei kwasababu ya msimu wa sikukuu, tuongezee elfu 15 kila mzazi. Na sio uongo kabisa, mchele kweli umepanda. Mpaka sasa wametuma 21. Wengine wameanza kuuliza namba ya mpishi waongee nae wenyewe, ndo maana nikawaza kuahirisha.

Fundi Hesabu
21 mara 15,000 ni 315,000. Jumlisha 420,000 na 72,000 unapata 807,000. Kwahiyo shida yako sio hela. Shida yako ni namba ya mpishi.

Mama Shughuli
Mimi hapo umeniudhi. Kila kamati ikila hela msingiziwa ni mpishi. Mwaka juzi nimekutana na mama mmoja sokoni ananinunia, kumbe aliambiwa nilidai laki tisa, mimi nililipwa laki mbili na nikabeba masufuria yangu mwenyewe kwenye bajaji.

Mama Mapacha
Nisamehe dada, mpishi wetu sio wewe.

Mama Shughuli
Ni sisi sote.

Nairobi Fundi wa Simu
Huku Kenya watoto walifunga kitambo, mwisho wa Oktoba, saa hii wako kwa nyumba wanamaliza mkate. Lakini niulize tu, mbona pesa ya watu 46 ikae kwa simu ya mtu mmoja? Sisi tuna account ya group, mtu akitoa hata mia message inaingia kwa kila mtu.

Baba Watatu
Hilo ndo la maana kuliko yote humu. Sisi tulipiga kura nani awe mweka hazina, akashinda anayeongea kwa upole.

Jicho la Tatu
Wakuu mnaliwa muda. Hii ni chai, yaani stori ya kutunga, tena chai ya rangi. Angalieni: akaunti imefunguliwa juzi. Jina Mama Mapacha lakini mtoto anayemaliza ni mmoja. Chekechea ya wenye prado ina watoto 46 darasa moja? Na mtu anayesema hana usingizi anajibu kila baada ya dakika mbili akiwa na hesabu zimekaa sawa mpaka elfu ya mwisho.

Mama Mapacha
Mapacha wako darasa la tatu, huyu ni mdogo wao. Na ni mikondo miwili, A 24 na B 22. Hesabu zimekaa sawa kwasababu nazipiga usiku kucha! Unafikiri naandika haya kwa raha?

Jicho la Tatu
Weka picha ya mzigo.

Mama Mapacha
[picha] Huu hapo sebuleni kwangu, hata pa kukaa hakuna. Mume wangu anajua ni mzigo wa kukopeshwa.

Kiti cha Mbele
Mume nae hajui. Naongeza kiti cha pili niweke miguu.

Mama K wa Tabata
Jamani samahani kutoka nje ya mada, hilo la njano lenye tyuli na ua kifuani lipo la miaka minne?

Dogo Mbagala
Na lile jekundu la mikono mifupi, niko Mbagala Rangi Tatu, unatuma kwa bodaboda? Dada angu ana watoto wawili wa kike.

Mama Mapacha
Jekundu lipo, kuanzia miaka miwili mpaka saba. Ukichukua mawili nakufanyia elfu 34.

Jicho la Tatu
NIMESEMA! Uzi wa kuomba ushauri umekua duka. Hakuna sherehe, hakuna mpishi, hakuna prado, hili ni tangazo la magauni. Moda hamisha uzi huu upelekwe jukwaa la biashara.

Mtu wa Uyui
Hata kama ni tangazo ni zuri. Mimi matangazo ya siku hizi nayaruka ila hili nimelisoma mpaka mwisho.

Ustadhi Mpole
Basi kama ni kweli magauni yapo, punguza bei mpaka elfu 13 uze yote kabla ya Ijumaa, faida kubwa isahau, urudishe hela ya watu. Nami nitachukua moja la binti yangu.

Mama Mapacha
Elfu 13 ustadhi nitakua nimefanya kazi bure na bodaboda juu. Elfu 16 kwako tu kwasababu umenishauri vizuri.

Bi Mkubwa wa Tanga
Ustadhi umepigwa.

Mwalimu Mstaafu Kidogo
Mama, umeshauza mangapi hapa? Kama jioni hii yametoka hata kumi, nenda kesho asubuhi kaongee na mwenyekiti wa kamati kabla hajaongea na mpishi. Mwambie ukweli wote hata wa sebuleni.

Fundi Hesabu
Na wale 21 waliotuma elfu 15, unawarudishia lini?

Mama K wa Tabata
Hujanijibu la njano.

Mama Mapacha
La njano miaka minne yamebaki sita dada, nakuja PM sasa hivi.