Aliyeiacha ndege ianguke apate video: alifungwa kwa kosa gani hasa?

KakaMkubwa_Mza:
Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu ana miaka 19, kutwa anarekodi video za hatari, mara karuka kutoka juu ya paa, mara kasimama kwenye siti ya bodaboda na iko mwendo, anasema wafuasi wakiwa wengi hela itakuja yenyewe. Nikamuonyesha kesi ya Trevor Jacob, yule Mmarekani aliyeruka na parachuti akaiacha ndege yake ikajipigize mlimani, nilidhani ataogopa. Kanijibu "huyo alifungwa kwa uongo, sio kwa kuruka." Nimekosa la kusema. Ni kweli? Na mbona miezi 6 tu?

FundiHanga:
Mkuu dogo hajakosea, ila asikuletee nusu ya habari. Mimi kazi yangu ni ndege ndogo na hii kesi tuliifuatilia sana. Tarehe 24 Novemba 2021 jamaa aliondoka Lompoc, California, peke yake, akisema anaenda Mammoth Lakes. Ndege ni Taylorcraft ya zamani, ya mwaka 1940, kaifunga kamera sehemu kadhaa, yeye kavaa parachuti kabisa na fimbo ya selfi anayo. Dakika kama 35 hivi, yuko juu ya msitu wa Los Padres, injini kimya, kafungua mlango karuka huku anajirekodi. Video kaitoa 23 Desemba, na ndani kuna tangazo la pochi!

Marubani walivyoiona tu wakajua. Hakuita kwenye redio, hakujaribu kuwasha tena, hakutafuta pa kutua. Injini ikizima ndege ndogo haidondoki kama jiwe jamani, inaelea, unapata muda wa kuchagua uwanda. Aprili 2022 mamlaka ya anga, FAA, wakamfutia leseni.

Bi_Sheria:
Hapo kwenye kifungo sasa. Wachunguzi wa ajali walimwambia mabaki ayatunze, yeye akadai hajui ndege ilikoangukia. Kumbe tarehe 10 Desemba kaenda na rafiki yake kwa helikopta, wakayanyanyua yale mabaki, yakafika mpaka hanga (banda la kuhifadhia ndege) la Lompoc, akayakatakata akawa anayatupa kwenye mapipa ya taka. Kosa alilokiri ni hilo, kuharibu na kuficha ushahidi ili kukwamisha uchunguzi wa serikali, na adhabu yake inaweza kufika miaka 20. Alikiri kwa makubaliano na waendesha mashtaka, Desemba 2023 akapewa miezi 6. Na kwenye hayo makubaliano alikubali kwamba nia ya safari ilikuwa video impe hela, kwa hiyo uongo na kuruka ni kitu kimoja, huwezi kuvitenganisha. Mwambie hivyo.

Nyanda_wa_Igoma:
Mimi kinachoniuma ni kwamba huyu hakuwa mtu wa kubahatisha, alishaiwakilisha Marekani Olimpiki ya Sochi 2014 kwenye snowboard, ule mchezo wa kuteleza na ubao kwenye theluji! Kipaji anacho, mwili anao, halafu anaangusha ndege kwenye msitu wa California ambako cheche moja tu inaunguza milima. Angekuwepo mtu chini je?

Na kwa dogo, usimtishe na jela, hataelewa. Mimi nilivunjika paja nikiwa na miaka 20 kwa mchezo huohuo wa pikipiki, nimelala miezi, mama ndo alikuwa ananigeuza kitandani. Wale waliokuwa wananirekodi walikuja siku mbili za kwanza tu. Muulize nani atamgeuza yeye, na hiyo bodaboda ni ya nani.

KakaMkubwa_Mza:
Asanteni sana. Bi Sheria, nimemsomea ya kwako neno kwa neno, kanyamaza. Bodaboda ni ya baba mdogo, ndo inalisha nyumba yake na wala hajui inafanyiwa nini. Kesho asubuhi tunaenda kwake wote wawili.