Aljebra ya mwanzo chuoni baada ya miaka mingi nje ya darasa

Mkazi wa Langoni, Lamu
Assalaam aleikum, ndugu zangu. Nimepata nafasi ya kusomea stashahada ya biashara, na muhula wa kwanza una somo la lazima la aljebra. Kidato cha nne nilimaliza zamani, na hesabu za sehemu zenye herufi zinanitatiza. Nianzie wapi kabla chuo hakijafunguliwa?

Mwalimu, Malindi
Waaleikum salaam. Anza na sehemu na namba hasi, kwa kuwa wanafunzi wengi ninaowafundisha hawashindwi na aljebra yenyewe, bali huteleza kwenye alama ya kutoa iliyo mbele ya mabano: 7 − (x − 2) ni 9 − x, wala si 5 − x. Kisha zoea kuijaribu kila kanuni kwa namba. Ukidhani kwamba (a + b)² ni sawa na a² + b², weka 3 na 4. Upande mmoja utapata 49 na wa pili 25.

Binti wa Shela
Naafikiana na Mwalimu. Usiache milinganyo ya kipeo cha pili: katika x² + 5x + 6 = 0, tafuta namba mbili ambazo zikizidishwa hutoa 6 na zikijumlishwa hutoa 5, yaani 2 na 3, hivyo (x + 2)(x + 3) = 0, na x ni −2 au −3.

Mkazi wa Langoni, Lamu
Jazakallahu kheri. Je, nitumie kikokotoo?

Mwalimu, Malindi
Kwa kuhakiki tu. Kazi yenyewe ifanye kwa kalamu, kila hatua katika mstari wake.