Dar hadi Kilwa kwa mashua ya tanga: kitabu cha zamani au ramani za simu?

Kigamboni_Upepo

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi na wenzangu wawili tumechanga tukanunua mashua ya tanga ya futi 32 kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Inazama mita 1.7, injini ndogo ya dizeli, tanga la mbele limejaa viraka lakini linavuta. Mpaka leo tumezungukia Bongoyo, Mbudya na Sinda tu. Mwezi wa pili, kaskazi ikiwa bado ipo, tunataka kushuka Mafia, tulale Chole siku kadhaa, kisha Songo Songo na Kilwa.

Ndani ya mashua tulikuta kitabu cha njia, East Africa Pilot cha Delwyn McPhun, toleo la Imray la 1998. Kurasa zimevimba kwa chumvi, na mwenye mashua wa zamani kajaza penseli pembeni: "nanga haishiki hapa", "wavuvi wanasema pita kusini", na nambari za latitudo na longitudo.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Mwenzetu mmoja anasema kitabu cha 1998 ni cha kufungia karanga, tulipie ramani za simu yaishe. Mwingine anataka ramani za karatasi za Admiralty, zile za Waingereza. Mimi nikachukua nambari moja ya penseli, ya mlango wa kuingilia ghuba ya Chole, nikaiingiza kwenye simu. Nukta ikaangukia juu ya mwamba. Sasa hapo mwongo nani, penseli au simu? Hela ya vyote hatuna. Naombeni ushauri wa watu waliopita huko.

Pweza_wa_Mbweni

Mkuu mnajitesa bure. Pakua picha za satelaiti, mwamba unauona, mchanga unauona, unapita katikati. Babu zetu walikwenda Maskati hawana kitabu wala simu.

Nahodha_Mstaafu_Znz

Pweza, babu zetu kitabu walikuwa nacho. Kilikaa tezi, nyuma ya chombo, kina ndevu, na njia ile kilianza kuipita tangu kikiwa kitoto cha kufua maji ngamani. Hawa vijana watatu wa Kigamboni hawana mtu wa namna hiyo chomboni, ndiyo maana wanauliza, na wamefanya vyema kuuliza.

Kijana, kitabu usikitupe. Ila kisome kwa maneno yake, usikisome kwa nambari zake. Mpaka Mei mwaka 2000 Wamarekani walikuwa wakiipotosha GPS ya raia kwa makusudi, na kipokezi cha kawaida kiliweza kukosea mita 100. Kwa hiyo nambari yoyote iliyopigwa baharini kabla ya hapo, awe ameiandika nani, ichukulie kuwa "ni hapa hapa karibu". Na hizo za penseli ni mashaka zaidi, kwa sababu hujui kama alizisoma kwenye GPS au alizipima kwa rula juu ya ramani ya karatasi. Kama ni ramani, tazama maandishi madogo chini ya jina lake. Vipimo vya zamani vya nchi zetu vilitumia msingi wa kuhesabia latitudo na longitudo unaoitwa Arc 1960. Simu yako inatumia msingi mwingine, WGS84. Nambari ileile ukiihamisha bila kurekebisha, unasogea mita 300 hivi, na zaidi ni kwa upande wa kaskazini na kusini. Hapo Kinasi, mlango huo wa ghuba ya Chole, mita 300 ni tofauti ya maji ya buluu na jiwe. Basi huenda hakuna mwongo hapo. Kila mmoja anahesabu kwa msingi wake.

Sasa faida ya kitabu. Simu inakwambia uko wapi. Haikwambii kwamba mahali fulani maji yakitoka na upepo ukiingia, mawimbi yanasimama wima. Haikwambii kuwa mbele ya kijiji kile nanga inakaa kwenye mchanga na hatua mia kutoka hapo ni matumbawe matupu yatakayokula amari yako, kamba ya nanga. Hayo yameandikwa na mtu aliyelala pale usiku. Na hayo ya penseli, "wavuvi wanasema pita kusini", kwangu yana thamani kuliko nambari zote alizoandika.

Jambo jingine hamkuliuliza, nalo ndilo kubwa: mnarudi lini? Kushuka kwa kaskazi ni raha, upepo uko nyuma. Lakini mkondo wa pwani yetu unapanda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kaskazi hupungua nguvu tu. Mkitaka kurudi mwezi huohuo wa pili mtabisha upepo siku nzima, na upepo unaopingana na mkondo unaleta bahari fupi, kali, ya kuvunja vyombo jikoni. Majahazi yalikuwa yanashuka kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, si kwa mapenzi. Kama likizo yenu ni wiki mbili, rudini na mabasi, mashua iache Kilwa kwa mtu wa kuaminika mpaka upepo ugeuke. Ukurasa wa pepo wa kitabu chochote cha njia usomeni kabla ya ukurasa wa bandari.

Haya, Kinasi. Hapo nitakaa kidogo.

Mtakuwa mnatoka mashariki, baharini, mnaelekea magharibi kuingia ghubani. Alasiri jua liko machoni: maji yote yanakuwa bati linalong'aa, huoni kitu. Kwa hiyo ni asubuhi, jua likiwa limepanda na bado liko nyuma yenu. Maji yakitoka, yanakutana na kaskazi mlangoni. Msiingie wakati huo. Sasa tazama baraka ya pwani yetu: siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Basi chagueni siku ya bamvua, mfike nje ya mlango maji yakiwa chini, miamba imetoa migongo. Subirini yageuke. Yakianza kujaa, saa tano na nusu hivi, ingieni polepole kwa injini, tanga limeshushwa. Mtu mmoja omo, mbele ya chombo, amesimama, amevaa miwani ya jua ile ya kukata mng'ao, mwingine ameshika simu, wa tatu kwenye usukani. Mtu wa omo akisema kushoto na simu ikasema kulia, ni kushoto. Na mkigusa mchanga ndani ya ghuba, maji yanapanda, yatawanyanyua. Mkigusa maji yakitoka mtakaa hapo mpaka jioni, mmelalia ubavu, watoto wa kijiji cha Utende wanawacheka.

Upande wa pili wa Mafia, ule wa Rufiji, msipite kwa sababu tu simu inaonyesha njia fupi. Mto unamwaga tope, na fungu za huko zinahama. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha humo kwa sababu Wajerumani walikuwa wameipima milango ya delta na Waingereza hawana ramani hiyo. Ilichukua mpaka Julai 1915 kuimaliza. Watu wamewahi kufa huko kwa kukosa ramani, nyinyi mnagombana kwa kuwa nazo nyingi.

Mkilifi_Halisi

Nahodha, shikamoo. Umesema yote ya baharini. Mimi niongeze ya mitambo, maana hapa Kilifi wageni wenye mashua tunawapokea kila msimu na maswali ni haya haya.

Kwanza, cha bure. Serikali ya Marekani, kupitia idara yake iitwayo NGA, inatoa mwongozo wa mabaharia, Pub. 171, unaohusu Afrika Mashariki na kusini mwa Bahari ya Hindi. Unapakua bila kulipa senti. Umeandikiwa meli kubwa, kwa hiyo hautakwambia wapi pa kulala na mashua ya futi 32, lakini rasi, mikondo na minara ya taa imo. Taa zenyewe lakini msizitegemee usiku. Mkiiona inawaka, shukuruni. Waingereza nao wana Africa Pilot, juzuu ya 3, kazi ileile, ila hiyo unanunua.

Pili, Pweza hakukosea kabisa. Picha za satelaiti ni silaha kali, ila usizitazame hivi hivi. OpenCPN ni programu ya bure ya kompyuta. Inaweza kuonyesha picha hizo kama tabaka, ukiwa na faili za picha za aina iitwayo MBTiles, na alama ya chombo chako ikitembea juu yake. Tafuta picha za siku tofauti za mahali hapo hapo. Moja imepigwa maji yamejaa, nyingine yamekupwa, nyingine wingu limekalia mlango. Na ujue picha haipimi kina: majani ya baharini na mwamba vyote vinatokea vyeusi. Kimoja utapita juu yake, kingine kitakutoboa.

Tatu, hili watu hulisahau. Programu mbili za simu zikikubaliana, si mashahidi wawili. Mara nyingi zote mbili zimenakili upimaji uleule, na sehemu za pwani yetu upimaji wake ni wa enzi za meli za mvuke, watu wakitupa bildi, kamba yenye uzito ya kupimia kina, kwa mkono. Rangi nzuri kwenye skrini haiufanyi upimaji kuwa mpya. Kwenye ramani rasmi za kielektroniki kuna daraja la ubora, kuanzia A1 kushuka hadi D, na U kwa ambako hakujatathminiwa. Itafute alama hiyo kabla ya kuamini namba za kina. Bandari ya Dar lazima ipimwe vizuri kwa ajili ya meli. Usidhani ghuba ya wavuvi imepata bahati hiyo.

Nne, kukuza ramani. Ukiiangalia kwa mbali, programu inaficha vitu ili skrini isijae, na vinavyofichwa huenda ni miamba. Novemba 2014 mashua ya mashindano ya kuzunguka dunia, Vestas Wind, ilipanda miamba ya Cargados Carajos, kaskazini-mashariki ya Morisi, usiku, ikiwa na mabaharia wa kulipwa na mitambo yote. Hatari ile haikuonekana vizuri kwa ukubwa wa ramani waliokuwa wakiutumia. Kwa hiyo mkishachora njia, ipitieni yote kipande kwa kipande, ramani ikiwa imekuzwa, mkiwa mmekaa nyumbani na chai.

Kuhusu karatasi: Waingereza walitangaza 2022 kuwa wataacha kutoa ramani za karatasi ifikapo mwisho wa 2026, baadaye wakasogeza hadi angalau 2030. Basi mwenzenu hana haja ya kukimbilia dukani. Mkiweza, nunueni moja inayoonyesha eneo lote kuanzia Dar kushuka Kilwa. Simu ikizimika kwa joto, na juani itazimika, mtajua angalau pa kukimbilia. GPS ya simu haili bando, lakini ramani isipopakuliwa mapema utaona nukta yako juu ya karatasi nyeupe.

Kigamboni_Upepo

Nashukuru sana wakuu, nahodha shikamoo. Nimewasomea wenzangu, wa karanga amenyamaza. Tunalipia ramani za simu kwa simu mbili, OpenCPN kwenye laptopu, ramani moja ya karatasi, na kitabu kinabaki.

Maswali mawili. Tutoke Dar saa ngapi ili tuwe nje ya Kinasi muda huo? Na Kilwa tutie nanga wapi, Kivinje au Masoko? Kitabu nimesoma lakini nataka kusikia kwa mtu.

Nahodha_Mstaafu_Znz

Marahaba. Dar hadi Ras Mkumbi, ncha ya kaskazini ya Mafia, ni maili 60 hivi za baharini. Kutoka hapo kushuka upande wa mashariki mpaka mlangoni ni 20 na ushei. Mashua yenu itakwenda noti tano, yaani maili tano za baharini kwa saa, mkondo uwale moja, zinabaki nne. Tokeni saa tisa alasiri. Usiku kaeni maji makubwa, mbali na kisiwa. Alfajiri muwe mmeshaiona Mkumbi kwa macho, si kwa simu. Saa tano na ushei mko nje ya Kinasi. Mkiwahi, pindeni tanga msubiri huko nje. Mkichelewa hadi jua limeinama, msiingie.

Siku: bamvua inakuwa na nguvu siku moja mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Jedwali la maji hutolewa na Mamlaka ya Bandari kila mwaka. Lile la Dar litawatosha kupanga. Liandikeni kwa penseli kwenye kitabu hicho, nafasi bado ipo.

Kilwa nendeni Masoko. Kivinje maji yanakimbia mbali, yakipwa mtajikuta mmekaa kwenye tope. Majahazi yametengenezwa kwa kulala hivyo, mkuku wenu, uti wa chini ya mashua, unaozama mita 1.7 haukutengenezwa. Kivinje mtakwenda kwa bodaboda.