Naomba ushauri: friji letu "Babu" limegoma, na nyumbani hawataki liondoke

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Tuna friji kuukuu alilotuachia mama mkwe. Watoto waliliita Babu kwa sababu linakohoa usiku kompresa ikizima, na jina likakaa. Siku hizi hata mimi nasema "Babu kamaliza Luku".

Sasa halipoozi. Fundi wa kwanza alibadili mpira wa mlango, wapi! Wa pili alisoma kibandiko cha nyuma akasema ni la gesi ya R12, ile inayoharibu tabaka la ozoni na kuondolewa sokoni kwa Itifaki ya Montreal ya 1987. Anashauri tubadili kompresa, tuhamie R134a. Baba watoto anataka liende kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kitinda mimba akisikia hivyo analia kama kuna msiba, na mimi mwenyewe roho inasita.

Kuna aliyewahi kuhamisha friji la R12 likadumu, au ni kutupa hela? Na likishindikana, naweza kuligeuza kabati la unga na mchele? Komeo lake ni la zamani, la kubana kwa nje, naogopa mtoto asije akajifungia ndani. Linatolewaje?