Vilio kila tukibadilisha shughuli darasani, mnafanyaje?

BintiChake: Asalaam alaykum walimu wenzangu, mie nasomesha maandalizi (chekechea) huku Chake, Pemba, nikisema tu haya tuache vifuu na mchanga twende kwenye hadithi basi balaa, mmoja kajitupa chini mwengine kesha toka nje hata ndara hakuvaa. Nisaidieni

Mwl_Mkoani: Waalaykum salaam. Unawakatisha ghafla dada, mtoto wa miaka 4 ukimwambia zimebaki dakika 5 hazijui, mwambie jaza kifuu mara mbili za mwisho halafu tunaweka. Na ukisema mwisho iwe mwisho kweli, ukiwaongezea muda hata siku moja tu kesho hawakusikilizi. Wimbo wa kukusanya vitu uwe ule ule kila siku

MamaMwera: Mi nimebandika picha ukutani, kucheza, kunawa, uji, hadithi, tukimaliza moja kitoto kimoja kinaigeuza. Ila kwangu vurugu kubwa ilikuwa foleni ya bomba, wote wamesimama wanasukumana tu, sa hivi naita wachache wachache waliobaki wanaimba mkekani. Huyo anaejitupa mpe kazi kabla hajaanza, abebe kikapu cha vifuu

BintiChake: Hiyo ya kikapu naijaribu kesho inshallah, mana huyo kwa kupenda kutumwa hajambo 😂